Nchi Iliyojibu Nzuri

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu liko wizarani linafanyiwa ukarabati. Ila ni nchi nzuri. Hilo halina ubishi, limo kwenye takwimu. Mwaka jana wananchi tisini na tisa nukta nane katika kila mia walisema habari ni nzuri, na hao waliobaki Wizara ilieleza kwamba walipaliwa na mate wakati wa kujibu.

Ningependa niseme mambo haya niliyasikia kwa watu. Sikuyasikia kwa watu. Nilikuwepo, nimekaa, tena nimekaa pazuri.

*

Kwetu kila kitu kinapitia Tovuti ya Taifa. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, ruhusa ya kukata mti uliopanda mwenyewe: unaingia tovutini. Na kabla mlango wake haujafunguka, Tovuti inataka kwanza maoni yako. Serikali yetu inapenda maoni sana. Hata marehemu hazikwi mpaka mtu wake atoe maoni.

Mwanzoni waliweka michoro miwili ya sura, mmoja unacheka, mwingine umenuna. Watu wakabonyeza ulionuna. Wizara ikaunda kamati, kamati ikagundua kwamba ulionuna ulichorwa vizuri zaidi, ndiyo maana unavutia vidole. Ukafutwa. Ukabaki unaocheka peke yake, na watu wakaacha kubonyeza kabisa.

Ikatangazwa basi kwamba ukifunga ukurasa bila kujibu, umekubali. Ukikaa sana kwenye ukurasa, umefurahia. Ukitoka haraka, umehudumiwa haraka. Mtandao ukikatika, umekosa la kusema kwa furaha. Wilaya ya jirani kuna bwana alisinzia mbele ya kompyuta akalalia herufi kwa shavu. Maoni yake, kurasa kumi na nne, yalisomwa bungeni kama mfano wa mwananchi anayejieleza kwa kina.

Lakini wale wafadhili wa nje waliotupatia kompyuta wakalalamika. Wakasema wanataka kusikia maoni ya mtu mwenyewe, kwa kinywa chake. Ndipo Waziri wetu wa Maoni, Mheshimiwa Profesa Balthazari Mtukuka, alipojifungia hotelini na kamati yake siku tisa, na siku ya kumi akatoka akiwa amenenepa na ana wazo.

"Ndugu wananchi!" alisema uwanjani. "Tumewakosea. Tumewauliza maswali ya kigeni. Umeridhika kwa kiasi gani, moja mpaka kumi! Nani kwetu anaulizwa hivyo? Mama yako amewahi kukuuliza hivyo? Sisi tuna dodoso letu wenyewe, tumelirithi kwa mababu, na kila mtu analijaza kila asubuhi bila kusimamiwa na askari. Dodoso hilo linaitwa salamu!"

Watu walipiga makofi dakika kumi na moja. Tatu za mwanzo zilikuwa za hiari.

"Kuanzia leo," alimalizia, "Tovuti haitauliza tena. Tovuti itasalimia!"

*

Ikatafutwa sauti. Walimjaribu mtangazaji wa redio, watu wakamsikiliza vizuri na kuendelea na shughuli zao. Walimjaribu afande mmoja, watu wakanyoosha mikono juu. Wakaanza kuzunguka kata kwa kata na kinasa sauti chao, mpaka wakafika kwetu Nyakwale, mimi nikifagia baraza ya ofisi ya kata.

Mzee Lukindo alikuwa anapita. Ni mzee wa mtaa wetu, hana undugu nami, lakini sijawahi kumwita jina lingine zaidi ya babu. Nikaweka fagio chini, nikakunja goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nzuri."

Mtaalamu wa Wizara akatoka ofisini mbio, chai ikimmwagikia kwenye tai.

"Wewe binti! Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Safi sana. Hujaharibika. Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akamgeukia mwenzake. "Umesikia hiyo? Nani mwenye moyo wa kumjibu huyu vibaya?"

Walinirekodi siku mbili kwenye stoo ya mbegu. Habari za maji. Habari za barabara. Habari za shule. Habari za zahanati. Ile ya kodi niliirudia mara kumi na nne, mpaka nikaitamka kama mtu anayeulizia kitoto kichanga. Pia walinirekodi shikamoo ya pili, ya chini chini, ya mtoto anayedhani amekukosea. Hiyo ilikuwa ya kutumika kwa mtu asipoitikia ile ya kwanza. Wakanirekodi na karatasi nzima ya maswali, na pole, na asante.

Kuanzia hapo nchi nzima ikawa inasalimiwa na mimi.

Na mimi nikapewa kiti. Kilikuwa na godoro la sponji na magurudumu matano, kimoja tu kwenye kata nzima, hata mtendaji hakuwa nacho. Nikawekwa kukitunza kishikwambi cha kata, kile kikompyuta bapa cha kioo, kilichofungwa mnyororo mezani ili wananchi waje kutoa maoni. Watu waliokuwa wakiniita "we Zaituni, hebu njoo" wakaanza kuniita Madam. Nilikuwa nawaambia waache, lakini nawaambia kwa sauti ndogo.

*

Siku ya kwanza aliingia Mzee Lukindo mwenyewe, amefiwa na ndugu yake, anataka kibali cha kuzika. Kishikwambi kilikuwa na jicho. Kikiona mvi kinatoa shikamoo, kisipoziona kinatoa hujambo.

"Shikamoo, babu. Habari za zahanati?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema, na pale pale kitaa cha kijani kikawaka. Yeye hakukiona. Akaendelea, kwa adabu zote, amekiinamia kioo kama mtu anayezungumza na mgeni asiyesikia vizuri: "Nzuri, ila dawa za presha hazipo mwezi wa tatu huu. Ndugu yangu ndiyo yaliyomwondoa. Alikuwa anagawana vidonge na mkewe, leo huyu kesho yule."

Alizungumza robo saa nzima. Mashine ilikuwa imeshaondoka zamani.

Mimi nilikiona kile kitaa siku hiyo hiyo. Nina tabia ya kuangalia, naweza kukaa nikaangalia sisimizi mpaka nijue mkubwa wao ni yupi. Nikaangalia wiki nzima. Marahaba, kijani. Sijambo, kijani. Salama, kijani. Tunamshukuru Mungu, kijani mara mbili. Na kwetu hakuna mtu anayeanza na ubaya. Nyumba inaungua, ukimsalimia mwenyewe atakujibu nzuri kwanza, ndipo aseme ila. Habari yenyewe inakaa baada ya ila. Mashine ilikuwa inafunga mlango kabla ila haijafika.

Nikamwendea Bwana Chipeta, mtendaji wa kata.

"Mtendaji, kile kitaa kinawaka kabla watu hawajamaliza kusema."

Akanitazama, akatabasamu. "Zaituni. Kiti umekipenda?"

"Nimekipenda."

"Kinazunguka?"

"Kinazunguka."

"Basi ukiona kitaa kinakusumbua, kizungushe uangalie dirishani."

Nikakizungusha. Miezi saba niliangalia dirishani. Nyuma yangu watu walikuwa wakiiambia mashine mambo ambayo hata wake zao hawakuwaambia, na mimi nilikuwa nahesabu mbuzi wanaopita.

*

Mwezi wa nane tukapata kikombe. Kata ya Nyakwale ilikuwa ya kwanza kitaifa kwa habari za zahanati, mia kwa mia, hakuna aliyepaliwa. Bwana Chipeta alikibeba kikombe kichwani akazunguka nacho soko zima.

Nyuma ya kikombe ikaja barua. Akatusomea mbele ya zahanati, ameshika miwani kwa vidole viwili.

"Kwa kuwa wananchi wa Nyakwale wamethibitisha kwa vinywa vyao kwamba habari za zahanati ni nzuri kikamilifu, na kwa kuwa kitu kikishakuwa kizuri kikamilifu hakiwezi kuongezewa uzuri bila kuharibika, Wizara inawapongeza kwa kupona, na inamhamisha muuguzi wenu kwenda kata yenye uhitaji."

Kata yenyewe yenye uhitaji ilikuwa ya mpakani. Kule mtu akiulizwa habari huguna kwanza. Ni kawaida yao tu, hawana maana mbaya. Kwa miguno yao walishapata visima viwili na barabara ya lami, na sasa walikuwa wanapewa nesi wetu.

Nesi wetu aliitwa Eufrasia. Alikuwa mmoja tu, na mkali kama spiriti. Barua ilipokwisha kusomwa hakumtazama hata mtendaji. Alimtafuta kwa macho wifi yangu Mwantumu, mke wa kaka yangu aliyeko machimboni, akamshika mkono akampeleka ndani, na mimi nikafuata.

Mwantumu alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Ya kwanza ilimtokea barabarani, kwenye zile kilomita thelathini na moja za kwenda hospitali ya wilaya, na mtoto hakuishi.

Nesi akamfunga kipimo mkononi, akapuliza, akatazama, akakifungua. "Nisikilize. Wewe damu yako ikianza haina breki. Nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Huyu unazalia hapa, mimi nikiwepo. Barabarani usithubutu. Narudia: usithubutu."

"Sasa nesi, si wanakuchukua?"

Nesi Eufrasia akanigeukia mimi. "Hebu muulize Madam hapa. Eti Madam, hakuna namna?"

Namna ilikuwepo, ilikuwa imeandikwa chini ya barua kwa herufi ndogo za kukodolea macho. Uhamisho ulihusu kata zenye mia kamili. Siku ya Ijumaa, saa mbili mpaka saa sita mchana, mfumo ungefunguliwa kupokea pingamizi. Neno moja baya, la mtu mmoja, lingetosha kuivunja mia yetu. Nesi mwenyewe hakuruhusiwa kulisema. Sheria inasema mtumishi hana maoni, ana maelekezo.

Nikasema, "Basi nitalisema mimi." Na kweli nilijiona mtu.

*

Ijumaa saa mbili kasoro watu walishajaa barazani. Nesi Eufrasia alikuwa amewafanyisha mazoezi tangu Jumatano, kama kwaya.

"Semeni: mbaya!"

"Mbaya... kidogo," walijibu.

"Kidogo ya nini? Semeni mbaya!"

"Mbaya, tunamshukuru Mungu."

"Mkimshukuru Mungu mashine inaandika mmefurahi! Na nyie wenye mvi, ile shikamoo yake msiiitikie. Kaeni kimya, ngojeni swali."

Hapo palitokea mnung'uniko. Bibi mmoja alisema heri amtukane mkwe wake sokoni kuliko kumwacha mtoto na shikamoo yake inaning'inia hewani.

Saa mbili kamili nikaanza mimi. Kishikwambi kikasema, "Hujambo? Habari za zahanati?" Nikakiinamia, nikasema mbaya, wazi kabisa. Kimya. Nikarudia. Kitaa hakikuwaka cha kijani wala cha rangi yoyote. Bwana Chipeta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akacheka taratibu.

"Inasikia sauti yake yenyewe, Zaituni. Inadhani inaongea peke yake. Kwenye mfumo wewe hujazaliwa."

Nikarudi kukaa kwenye kiti, maana pengine pa kukaa sikuwa napo.

Wakaanza kupita watu. Mmoja mmoja walikuja wamekaza mashavu, na mmoja mmoja walilegea. "Hujambo?" "Sijambo." Kijani. "Habari za zahanati?" "Salama tu, sijui za kwako." Kijani. Mwalimu wa madrasa alifika mpaka "mba" akageuza ikawa "mbona nzuri tu". Ilipofika saa nne Nesi Eufrasia alikuwa amekaa chini sakafuni na kofia yake mapajani.

Akaingia Mzee Lukindo. Siku mbili alikuwa anafanya mazoezi nyuma ya nyumba, anawagombeza mbuzi.

"Shikamoo, babu."

Akafumba mdomo. Mshipa wa shingo ukamsimama.

"Shikamoo, babu?" Hii ilikuwa ile ya pili, ya chini chini.

Akanitazama mimi, siyo kioo. Macho yakamjaa maji.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba, marahaba."

Kijani.

"Mzee!" Nesi akapiga kelele. "Tulikubaliana nini?"

Nikashindwa. Nikasimama. "Babu, hiyo ni mashine! Ni sauti yangu tu, walininasa kule stoo. Si mimi ninayekuuliza. Na tena husikilizwi ukiisha kuitikia, kitaa kinawaka kinafunga. Najua tangu siku ya kwanza. Naomba mjibu vibaya. Jibuni vibaya tu, hamtanikosea."

Nilitegemea wanishangae, wanizomee pia. Hakuna aliyeshangaa. Mzee Lukindo alitoa kitambaa akajifuta, akakikunja, akakirudisha mfukoni.

"Kwani sisi hatujui kwamba ni wewe?" akasema. "Sauti yako itupotee, umelia huku tunakusikia tangu siku unazaliwa? Tunajua. Mtendaji alitwambia tangu mwanzo, ukijibiwa vibaya utanyang'anywa kiti. Tukasema mtoto wa watu amepata pa kukaa, sisi tuje tumharibie kwa neno moja?"

"Kata nzima mlijua?"

"Tuliambizana."

Yule bibi wa mkwe akaongeza, kwa upole, kama ananifariji: "Na ulikuwa umependeza ukizunguka."

Sijui niliwatazama vipi. Najua nilikisukuma kiti kiende zake, kikaenda mpaka ukutani, na kwa kuwa sakafu ya ofisi imeinama, kikarudi polepole mbele ya watu wote kikanigonga nyuma ya magoti, nikakaa tena.

*

Aliyefuata kwenye mstari alikuwa Mwantumu. Alisogea kwa mwendo ule wa kujibeba, mkono mmoja kiunoni.

"Hujambo, mama? Habari za zahanati?"

Alinitazama. "Unisamehe, wifi," akasema. Kisha akakigeukia kioo. "Mbaya."

Barazani watu walishangilia mpaka kuku wakaruka. Nesi Eufrasia alinyanyuka akampiga Mwantumu busu la shavu. Kitaa kilikuwa chekundu. Sikuwahi kujua kwamba kina rangi hiyo.

"Pole sana, mama," ilisema sauti yangu. "Ili tukuhudumie vizuri, tafadhali jibu maswali arobaini na moja."

Nilikuwa nimeyasahau. Niliyasoma mwenyewe, kule stoo, wakati nawaza chakula cha mchana.

"Ubaya unaousema ulianza lini? Ulianza asubuhi au jioni? Una shahidi? Shahidi huyo ana tabia gani? Je, wewe mwenyewe umewahi kuwa mbaya? Taja watu watatu wenye maoni kama yako na mahali wanapolala."

Nikampisha kiti akakaa. Kila jibu mashine ilimwomba arudie. Swali la kumi na tisa lilimtaka aimbe ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa, kuthibitisha uraia. Akaimba, miguu imemvimba hadi kandambili hazionekani. Nyuma yake walisimama watu sitini, sasa kila mmoja na mbaya yake tayari mdomoni, wakiomba wapishwe. Lakini mashine ikishaanza na mtu haimwachi mpaka amalize.

Ilibaki dakika tatu ifike saa sita.

"Swali la arobaini na moja," nikasema mimi, yule wa kwenye mashine. "Je, tumekusikiliza vizuri?"

Mwantumu alikuwa amefumba macho. "Ee jamani," akasema. "Vizuri, vizuri, tumalize."

Kijani.

"Asante kwa maoni yako. Jibu lako la mwisho limechukua nafasi ya majibu yote yaliyotangulia."

Nesi alimrukia Mwantumu amzibe mdomo, akachelewa. Bwana Chipeta alitazama saa yake, akatazama na kikombe kama ana wasiwasi kimepungua. "Mia kwa mia," akasema. "Jamani Nyakwale hamna mfano."

*

Jumamosi walimchukua Nesi Eufrasia kwa gari la Wizara. Mtendaji alitoa hotuba, akasema leo hatumuagi nesi, tunauaga ugonjwa. Nesi alipanda na sanduku lake na mizani ya watoto. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja dirishani. Aliponifikia alinishika mkono vizuri tu, hakuubana wala hakuutupa.

"Zaituni," akasema, "wewe sikuulizi habari."

Jumatatu asubuhi Mwantumu akashikwa na uchungu.

Tulimlaza kwenye trela la trekta la Mzee Lukindo, juu ya magunia ya pumba. Nilimshika kichwa. Barabara yetu ina bango kila baada ya kilomita tano, limeandikwa BARABARA HII NI NZURI KWA MUJIBU WA MAONI YENU, na mabango yenyewe yameinama kwa mashimo. Baada ya bango la nne mtoto akatoka. Wa kike, akalia pale pale. Tulimfunga kwenye kanga yangu. Kisha damu ikaanza, na ilikuwa kama Nesi alivyosema.

Hospitali ya wilaya ina geti la chuma, na kwenye nguzo ya geti kuna kishikwambi. Mlinzi alikuwa kijana mpole sana.

"Poleni. Lazima ajibu kwanza ndiyo geti lifunguke."

"Fungua, kaka, mtu anakufa."

"Dada yangu, halifunguliwi na mimi. Linafunguliwa na maoni."

"Hiyo sauti ni yangu! Msikilize, si ni mimi huyu? Nakuambia fungua!"

Akanisikiliza kidogo, akalinganisha. "Kweli inafanana," akasema. "Lakini wewe siyo mgonjwa."

Mzee Lukindo alirudisha trekta nyuma, trela likasogea mpaka kwenye nguzo. Jicho la mashine likamtazama Mwantumu pale juu ya pumba, mwekundu mpaka magotini.

"Hujambo, mama?" nikamuuliza kutoka kwenye nguzo, kwa ile sauti yangu nzuri. "Habari za safari?"

Sikuweza kumzuia, wala sikujua nimzuie vipi. Akisema mbaya ni maswali arobaini na moja. Alinyanyua kichwa kidogo. Hakuwa anakitazama kioo, alikuwa ananitazama mimi niliyemshika.

"Nzuri, wifi," akasema.

Geti likafunguka.

*

Walimwokoa. Daktari alitoka jioni akiwa amechoka, akasema wamelazimika kutoa kizazi. Laiti angefika nusu saa mapema, akasema. Akasema mtoto mzima, ndiye huyo huyo, hatakuwa na mwingine. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniomba nipite pale mapokezi nitoe maoni.

Siku tatu niliingia wodini na kutoka. Nilileta uji, nikafua kanga, nikambeba mtoto, nikamtafutia Mwantumu mto wa pili. Nilikuwa nafika mlangoni nasema "nimekuja", naweka kikapu. Wagonjwa wengine walikuwa wanasalimiana vitanda vyote, za kuamka, za maumivu, nzuri, nzuri, na mimi napita katikati yao nimeinama kama nimeangusha sindano.

Siku ya nne Mwantumu alikuwa ameegemea mto. Mtoto amelala kifuani kwake. Alinitazama nikipanga vikombe ambavyo vilishapangika.

"Wifi," akasema, "mbona hunisalimii?"

Nikaendelea na vikombe.

"Siku ya nne leo. Hata za kuamka huniulizi. Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Basi nakusalimia mimi. Habari zako?"

Neno lilinijia lenyewe mpaka kwenye meno, lile la siku zote. Nililisikia likigonga litoke. Nikalimeza.

"Mbaya, wifi," nikasema.

Sauti ilitoka vibaya, ya kukwaruza, hakuna mtaalamu ambaye angeichagua. Mwantumu hakushtuka. Alimsogeza mtoto upande wa ukuta, polepole kwa ajili ya kidonda, akabakiza nafasi ya mtu mmoja ukingoni mwa kitanda.

"Haya kaa," akasema. "Sema yote. Mshono wenyewe huu, nitakwenda wapi?"